Glavu ya besiboli ya mtumba kwa mtoto: uzoefu wangu likizo ya mwezi wa sita, Mwanza

Glavu hii ya ngozi, inchi 11, imetoka kwenye mitumba ya Mlango Mmoja na imetumiwa na mtoto wa miaka 10 likizo nzima. Naipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni kwa sababu ya kamba.

Cha kwanza kukagua ni mkono. Mtoto anayerusha kwa kulia huvaa glavu kushoto, na wauzaji wengi hawalijui hilo. Nenda na mtoto, avae palepale, aifunge na kuifungua kwa mkono huo mmoja. Akishindwa, iache. Saizi huwa imepigwa chapa ndani ya kiganja au kwenye kidole: miaka 8 hadi 12, inchi 10 hadi 11 na nusu zinatosha. Ya 12 na nusu ni ya mtu mzima. Ile nene ya duara, isiyo na vidole vilivyoachana, ni ya mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji; usidanganyike na unene wake.

Glavu mpya za plastiki zinang'aa, ila sizipendekezi. Hazilainiki, mfuko wake, yaani lile bonde la kudakia mpira, haushiki umbo, mpira unaingia na kuruka nje. Ngozi iliyochoka kidogo ni bora, mradi haina nyufa kwenye mkunjo.

Ikiwa imekakamaa, paka mafuta ya mgando kiasi cha ncha ya kidole, kwenye mkunjo na mfuko tu. Ukizidisha, inakuwa nzito na vumbi lote la uwanja linaganda humo. Weka mpira kwenye mfuko wa glavu, ifunge kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ilale hivyo usiku. Usiiloweke maji wala kuianika juani. Ngozi hukauka kama dagaa na kuanza kukatika.

Sasa kamba. Zilizokuja na glavu zilikuwa zimeoza, zikakatikia kwenye wavu ulio kati ya kidole gumba na cha shahada, sehemu inayopigwa zaidi. Usishone kwa uzi wa nyavu: ni mwembamba, unapasua matundu ya ngozi. Mwambie fundi viatu akukatie ukanda wa ngozi laini wenye upana wa milimita 5, aupitishe njia ileile ya zamani, afunge fundo upande wa nje. Fundo la ndani linaumiza mkono.

Glavu nzuri haiokoi uwanja uliopangwa vibaya. Kwa umri huu besi, yaani vituo anavyokimbilia mpigaji, huachana mita 18.3, na mrushaji husimama mita 14 kutoka kwa mpigaji. Huku ziwa liko magharibi, hivyo mweke mpigaji upande wa ziwa, atazame mashariki. Jua la jioni linabaki mgongoni kwake, na mipira haiishii majini. Wachezaji walio mbali uwanjani ndio watakaoangaliana na jua, kwa hiyo wafundishwe kulikinga kwa glavu huku wakitazama pembeni mwake.

Watu hupenda kutundika wavu wa sangara nyuma ya mpigaji. Wa inchi 6 haufai: hiyo ni jicho likiwa limevutwa, kila upande una sentimita 7.6, na mpira wenye kipenyo cha kama 7.4 unapenya. Wa dagaa unazuia, lakini unashika upepo, kwa hiyo chimbia nguzo vizuri na uuache ulegee kidogo chini.

Mpira wa ngozi nao usiutoe kwenye viwanja vyetu vya kokoto kwa mazoezi ya kila siku, mshono hufumuka. Tumia wa tenisi, wa ngozi ubaki wa mechi. Na kama mtoto ndiye mrushaji, hesabu mirusho: kanuni za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, zinaweka kikomo cha 75 kwa siku kwa miaka 9 na 10, na akizidi 65 apumzike siku 4 kabla ya kurusha tena. Kiwiko hakina fundi pale sokoni.