Kompyuta ya kwanza ya gemu kwa bajeti ndogo: chaguo tano, kuanzia la kununua hadi la kukwepa

Mpwa wangu alinunua kompyuta yake ya kwanza ya gemu Kariakoo kabla ya kuniuliza. Alikuwa na laki nane alizozikusanya mwaka mzima. Winga (dalali wa mtaani) akampeleka dukani, akaonyeshwa mashine nyembamba yenye stika ya Core i7, akalipa. Kesho yake akarudi mjini kununua kadi ya grafiki. Jioni akanipigia: "Shikamoo mjomba. Kadi haiingii." Kadi ilikuwa pana kuliko kasha lenyewe. Na ile i7, tulipoiwasha, tukakuta ni i7-2600, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mwaka 2011. Duka halikurudisha pesa, kwa maelezo kwamba mashine ni nzima.

Wengi wanaonunua kwa mara ya kwanza huuliza "ni i5 au i7?" Mimi ningetaka waanze kwa kuuliza mambo mawili: kasha lina ukubwa gani, na pawa saplai yake (kifaa kinacholisha mashine umeme) ina wati ngapi. Prosesa inafuata. Bei sitaziandika hapa, kwa sababu hubadilika kila mzigo mpya unapoingia, lakini mpangilio wa chaguo haubadiliki haraka hivyo.

Kabla ya kwenda mbali, jifunze kusoma namba ya prosesa ya Intel. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i3-12100, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 12. Hiyo i3 ya kizazi cha 12 inaiacha mbali i7 ya kizazi cha 3. Muuzaji anayesema "ni i7" bila kutaja namba kamili hajakuambia kitu.

1. Tawa ya ofisi iliyotumika, pamoja na kadi isiyohitaji waya wa umeme

Hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa mtu mwenye pesa kama za mpwa wangu, na ndipo nitakapokaa zaidi. Tawa ni kompyuta ya kasha kubwa la kusimama.

Kampuni za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za ofisi kila baada ya miaka michache, na zile za zamani hufika kwetu kwa makontena: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zimetengenezwa kufanya kazi kutwa nzima kwa miaka. Zinakuja na prosesa, mazabodi (bodi kuu inayounganisha vyote), RAM, pawa saplai na kasha, tena mara nyingi kwa bei isiyofika hata ya mazabodi na prosesa mpya. Ukishaipata, pesa yote iliyobaki inakwenda kwenye kadi ya grafiki, na kadi ndiyo inayoendesha gemu.

Mtego ni kwamba modeli moja hutoka kwa makasha tofauti. OptiPlex 7050 ipo ya tawa, ipo nyembamba, ipo ndogo ya kushikwa kwa mkono mmoja. Jina ni lilelile, prosesa zinafanana, lakini tawa peke yake ndiyo inayopokea kadi ya kimo kamili. Nenda na rula. Pima nafasi ya ndani kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye diski za mbele, kisha ulinganishe na urefu wa kadi unayoitaka.

Kizazi gani? Kama mfuko unaruhusu, tafuta kizazi cha 8: OptiPlex 5060 au 7060, EliteDesk 800 G4. Prosesa yake, i5-8500 ya mwaka 2018, ina viini sita. Kuna sababu nyingine nzito: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Gemu ya Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (nyenzo za usalama ndani ya kompyuta), vitu ambavyo mashine hizi zinavyo. Kama kizazi cha 8 hakifikiki, chukua cha 6 au cha 7, mfano EliteDesk 800 G2 au OptiPlex 7050, yenye i5-6500 au i5-7500. Cha 4 ni cha kushikilia tu kama huna njia. Cha 3 kurudi nyuma achana nacho kabisa: prosesa hizo hazina maelekezo ya AVX2 (aina ya amri za hesabu za prosesa), na baadhi ya gemu mpya hazifunguki bila hayo.

Sasa umeme. Pawa saplai za tawa hizi nyingi zina wati kati ya 240 na 320, na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Plagi inayoingia kwenye mazabodi pia si ya kawaida, kwa hiyo huwezi kuibadilisha na pawa saplai yoyote ya dukani bila adapta. Lakini tundu lenyewe la kadi kwenye mazabodi linatoa hadi wati 75. Kadi inayotosheka na wati hizo inachomekwa tu na kuwaka. Piga hesabu: kadi 75, prosesa 65, na diski, feni na RAM tuseme 40. Jumla ni wati 180, hata saplai ya 240 inahimili.

Kadi za namna hiyo nazipanga hivi.

Kama unaweza kununua mpya, RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024. Inatumia wati 70 na kati ya zote hizi ndiyo yenye nguvu zaidi. Usiichanganye na ile ya GB 8, inayohitaji waya wa umeme.

Kwa wengi wetu jibu ni GTX 1650 iliyotumika, GB 4, ya mwaka 2019. Valorant, eFootball, CS2 na GTA V zinakwenda fremu 60 kwa sekunde kwenye 1080p (Full HD) ukiweka mipangilio ya kati. Angalia ubavuni: matoleo mengine ya 1650 yana tundu la pini 6, na hayo yatakukwamisha kwenye tawa ya ofisi.

GTX 1050 Ti inafuata. Miaka mingi nimeisifu, na bado inacheza EA Sports FC 25, kwa kuwa ndiyo kiwango cha chini kilichotajwa na watengenezaji wenyewe. Ila Oktoba 2025 Nvidia, mtengenezaji wake, ilisitisha madereva mapya ya gemu (programu za kuendesha kadi) kwa kadi za kundi lake. Zinapata masahihisho ya usalama tu. Tofauti ya bei na 1650 ikiwa ndogo, ongeza.

RX 6400 inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia nne tu za PCIe (lile tundu la kadi), hivyo kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo, ambazo ndizo tunazozungumzia, inapoteza sehemu ya nguvu yake. Haina pia kitengo cha kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu zake YouTube aiache. GT 1030 iwe ya mwisho, na ukiichukua hakikisha kumbukumbu yake ni ya GDDR5. Ile ya DDR4 inabeba jina lilelile na ni dhaifu sana.

Jambo moja niseme wazi: hakuna GTX itakayofungua gemu zinazolazimisha ray tracing (uchoraji wa mwanga unaofuata miale), kama DOOM: The Dark Ages ya mwaka 2025. Kama hizo ndizo ndoto yako, subiri na uongeze akiba.

2. Ryzen 5 5600G mpya, bila kadi kwa sasa

Hili ni la mtu anayetaka vitu vipya vya boksi vyenye waranti na yuko tayari kununua kwa awamu. Prosesa hii ya AMD ya mwaka 2021 ina viini sita na grafiki zake ndani. Unaanza kucheza gemu nyepesi mara moja, eFootball, Valorant, hata GTA V kwa mipangilio ya chini, kisha mwakani unaongeza kadi.

Lazima uweke RAM mbili, za GB 8 kila moja, badala ya moja ya 16. Grafiki za ndani zinaazima RAM ya kompyuta, na zikipata njia mbili fremu zinaongezeka waziwazi. Ukinunua mazabodi ya B450, mwambie muuzaji athibitishe kwamba BIOS yake (programu ya kuwashia mazabodi) inaijua Ryzen 5000, la sivyo utafika nyumbani uone kioo cheusi.

Miaka miwili iliyopita ningeliweka hili karibu sawa na la kwanza. Kinachoniondoa hapo ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei imepanda vibaya, kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili mnemba; Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuacha kuwauzia watu wa kawaida RAM za Crucial. Tawa ya ofisi inakuja na RAM ndani tayari.

3. Core i3-12100F na RX 6600

Kwa ubora hii ndiyo mashine nzuri kuliko zote hapa. RX 6600 ina GB 8 na inakimbiza karibu gemu yoyote kwenye 1080p. Nimeiweka ya tatu kwa kuwa nimeona watu wengi wakijibana ili waifikie, kisha wanaminya mahali pabaya: wanachukua pawa saplai ya bei ya chini kabisa, isiyo na jina, iliyoandikwa wati 600 kwa stika. AMD inashauri wati 450 za kweli kwa kadi hii. Saplai mbovu ikiungua inaweza kuondoka na mazabodi na kadi. Kama huna pesa ya saplai yenye alama ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme mwingi) kutoka kampuni inayojulikana, bado hujafika kwenye chaguo hili.

Herufi F maana yake prosesa haina grafiki za ndani. Bila kadi, hakuna picha.

4. Kompyuta nyembamba ya ofisi

Kama tayari unayo, usiitupe. Zipo GTX 1650 na RTX 3050 za GB 6 zilizofupishwa kwa kasha hizo, ila hazipatikani kirahisi na wauzaji wanajua hivyo. Mpwa wangu tulimtafutia 1650 fupi kwa wiki tatu. Kama hujanunua, chukua tawa.

5. Za kukwepa

Makasha ya kioo yenye taa za rangi na i7 ya kizazi cha 2 au cha 3 ndani. Taa zinauzwa, mashine inasahaulika. Vilevile RX 580 zilizoandikwa 2048SP, ambazo kwa undani ni RX 570 iliyobadilishwa jina, na nyingi za kundi hilo zimechoshwa na uchimbaji wa sarafu za mtandaoni.

Hatari kuliko zote ni kadi feki: kadi ya zamani kama GTS 450 iliyobadilishwa programu ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Dalili moja iko wazi. Chipu ya 1050 Ti haitoi VGA, kwa hiyo ukiona tundu la buluu la VGA, iache hapohapo. Kwa sababu hiyohiyo monita yako iwe na HDMI au DisplayPort. Vile vioo vya bei poa vyenye VGA peke yake vitakulazimisha kununua adapta.

Dukani, kabla ya kulipa

Beba flashi yenye GPU-Z, CrystalDiskInfo na FurMark. GPU-Z inaandika "FAKE" inapogundua kadi iliyochezewa. CrystalDiskInfo inakuonyesha diski imetumika saa ngapi na afya yake. FurMark, inayoikamua kadi nguvu zake zote, iache ikimbie dakika kumi na tano: kama kuna mistari kwenye kioo, mashine inazima, au joto linapanda bila kutulia, ondoka. Muuzaji anayekataa usijaribu, mshukuru, uende duka la jirani. Ukienda na winga, jua kwamba cha juu chake (kamisheni) kimo ndani ya bei unayotajiwa. Ukizijua modeli kwa jina unaweza kuingia madukani mwenyewe. Dai risiti yenye namba ya mashine na siku za kurudisha, ziandikwe kwa kalamu.

SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, usiikose hata kama ni ya SATA, ile ya kasi ndogo. Diski ya kuzunguka itakufanya usubiri kila unapofungua gemu. Anza na GB 500 ukiweza, maana FC 25 peke yake inataka GB 100. Na kabla hujachoma bando kwa GB hizo, uliza marafiki: tangu 2023 Steam (duka la gemu la mtandaoni) inaruhusu kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao wa nyumbani, kila mmoja akiwa ameinunua kwa akaunti yake.

Mwisho tenga fungu la umeme kabla ya kununua kipanya cha taa au kiti. Umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua saplai. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inatosha tawa ya ofisi yenye GTX 1650 na monita moja, kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Kila baada ya miezi mitatu fungua kasha, shikilia feni kwa kidole zisizunguke, upulize vumbi.