CCNP Enterprise nikiwa Mtwara: ilivyonigharimu na ilivyonifaa

Mafundi mtandao wenzangu wa huku kusini huniuliza sana kama CCNP Enterprise, cheti cha kitaalamu cha mitandao kutoka kampuni ya Cisco, inalipa jasho lake. Kwangu imelipa, ila gharama yake nimeionja mara mbili.

Kuna mitihani miwili. ENCOR, namba 350-401, ni lazima kwa kila mtu: dakika 120, dola 400 za Marekani. Wa pili unauchagua mwenyewe. Mimi nilichukua ENARSI, 300-410, dakika 90, dola 300. Tangu Februari 2020 hulazimiki kuwa na CCNA, cheti cha ngazi ya chini yake, kwanza, ingawa simshauri mtu airuke. ENCOR peke yake ni kama shilingi milioni moja, nami niliilipia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilifeli.

Nilifeli kwa kusoma bila kushika vifaa. Nilikesha chumbani Shangani, hapa Mtwara, na video za bando la usiku, nakariri amri kama mashairi. Katika mtihani huo ukishajibu swali huwezi kurudi nyuma, na swali la kwanza la vitendo lilinikuta mikono haijui pa kuanzia. Niliporudi nyumbani nikatafuta ruta mbili na swichi moja zilizokwisha kutumika, nikazipanga juu ya stuli kando ya kitanda. Nisichoweza kununua nilikiunda kwenye GNS3, programu ya kuiga mitandao ndani ya kompyuta. Kila nilichosoma nilikifunga, nikakiharibu makusudi, nikakitafutia kosa upya.

Nilipanga kurudia Mei 2024, Dar. Kimbunga Hidaya kikakata barabara pale Somanga, na tarehe 12 kebo za baharini zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Nikasogeza hadi Julai. Naamini miezi ile miwili ya ziada mbele ya stuli ndiyo iliyonipasisha.

Faida yake niliiona Oktoba, msimu wa korosho. Msimamizi wa ghala Masasi alinipigia jioni: "Fundi, mnada ni kesho, na huku mfumo haufunguki." Wenzangu walikuwa wameshabadilisha kebo. Ping, jaribio la kuona kama upande wa pili unajibu, ilipita bila shida, lakini OSPF, itifaki ambayo ruta hupashana nayo njia za mtandao, kati ya ruta ya Mtwara na ya Masasi ilikuwa imekwama kwenye EXSTART, hatua ya kuanza kubadilishana taarifa. Hali hiyo nilishaiona juu ya stuli, zaidi ya mara kumi. Nikaangalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya handaki la GRE, njia ya kimtandao inayounganisha ruta hizo mbili: kwetu 1476, Masasi mtu alikuwa ameandika 1400. OSPF huitaja MTU yake ndani ya pakiti za kubadilishana hifadhidata, na ruta inayopokea namba kubwa kuliko yake huitupa pakiti hiyo. Majirani wanasalimiana mlangoni, hakuna anayemkaribisha mwenzake ndani. Nikaweka 1400 pande zote mbili, na baada ya sekunde chache likatokea neno FULL, yaani ujirani umekamilika. Ipo amri ya kuiambia ruta ipuuze tofauti hiyo, lakini siipendi: pakiti kubwa zitakuja kukwama siku nyingine, na kosa litakuwa gumu zaidi kuliona.

ENARSI nilifaulu Machi 2025, mara moja tu, kwa sababu karibu yote ni kazi ya namna hii. Kilichonichosha zaidi ni sehemu ya otomatiki kwenye ENCOR, asilimia 15 ya mtihani, yaani kuendesha vifaa kwa programu: Python, JSON, API. Kwa fundi aliyezoea kupanda mnara, itengee muda wake mapema.

Wapo wanaouza maswali kwa WhatsApp. Ukibainika matokeo yanafutwa, na hata usipobainika, Masasi hutakuwa na karatasi ya kuchungulia.

Cheti kinadumu miaka mitatu. Unakihuisha kwa mtihani au kwa kukusanya pointi 80 za mafunzo. Na ENCOR hiyo hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa mtihani wa maabara, wa muda wa saa nane, wa CCIE, cheti cha ngazi iliyo juu ya CCNP. Nimeshaanza kuweka akiba, na nimeongeza ruta ya tatu.