Maji ya moto Nyanda za Juu Kusini: mtambo gani ununue kwanza

Baridi ya huku kwetu huja na jua. Mvua zinaondoka mwezi wa tano, anga linafunguka, na hadi Agosti Mbeya, Iringa na Makambako zinapata mchana wa jua kali, wakati asubuhi yake maji ya bomba yanauma vidole. Anayetafuta mtambo wa maji ya moto aanzie hapo: miezi tunayoyahitaji maji ya moto kuliko mingine yote ndiyo miezi ambayo jua linapiga bati bure kutwa nzima. Ndiyo maana naweka sola ya maji nafasi ya kwanza, na inaniuma kuona nyumba mpya nzuri kabisa zinamalizika bila hata bomba moja la kuipokea.

Kwanza tujue maji yenyewe yanadai nini. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 40 kunakula takriban uniti 0.6 za umeme. Hita iwe ya bei mbaya au ya bei ya kutupa, maji yaleyale yanadai joto lilelile. Watu watano, kila mmoja ndoo moja kwa siku, wanafikisha karibu uniti 3 kwa siku, yaani 90 kwa mwezi. Sasa mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo ananunua uniti 75 za mwanzo kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. Maji ya kuoga peke yake yanazimaliza zote, taa na friji bado. Kwenye kundi la kawaida uniti moja pamoja na kodi inafika kama shilingi 350, kwa hiyo ndoo hizo zinapita shilingi 30,000 kwa mwezi. Na hao ni watu wa ndoo. Anayesimama chini ya shawa humwaga maji mara mbili ya hayo kwa urahisi, na bili inapanda nayo.

Nafasi ya kwanza: sola ya mirija

Ni ule mtambo wenye tangi la mviringo lililolala juu, na chini yake mirija mirefu myeusi ya vioo imepangwa kwa mteremko. Kila mrija ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati yake hewa imeondolewa yote. Mwanga wa jua unapita, lakini joto halipati njia ya kutoka, hata upepo wa Uyole ukivuma. Maji yaliyopata moto ndani ya mrija huwa mepesi, yanapanda kwenye tangi, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala umeme.

Wapo wanaouza paneli bapa, boksi la kioo lenye mabomba ya shaba ndani. Si kitu kibaya. Kwa Iringa mjini au Usangu zinafanya kazi vizuri, na kioo chake kinahimili mvua ya mawe kuliko mirija. Ila kwa Makete, Kitulo na kwingine ambako asubuhi nyasi zinakuta barafu, maji yaliyolala ndani ya paneli huganda usiku na kupasua bomba la shaba. Huko chukua mirija.

Dukani usiulize lita peke yake. Chukua lita za tangi, gawanya kwa idadi ya mirija. Mrija wa kawaida una upana wa milimita 58 na urefu wa mita 1.8, na siku ya jua safi hupandisha joto la lita kumi kwa nyuzi 24 hivi. Mtambo wa lita 200 wenye mirija 20 utakupa maji ya kuoga, basi. Ukitaka ya moto kweli, au unaishi Njombe ambako maji yanaanza yakiwa baridi zaidi, tafuta lita saba au nane kwa kila mrija. Ukikuta lita 200 kwa mirija 15, hiyo bei rahisi umeipata kwa maji ya vuguvugu.

Kisha kagua mirija mmoja mmoja kabla haijapakiwa. Shika mrija, utazame ncha yake ya chini iliyofungwa. Ndani kuna mpako unaong'aa rangi ya fedha. Mpako ukiwa umegeuka mweupe kama maziwa, hewa imeshaingia na mrija huo hautunzi joto tena, hata kama hauna ufa unaoonekana. Boksi lililosafiri kwa lori kutoka Dar es Salaam likapita mlima wa Kitonga linaweza kuwa na mmoja au miwili ya namna hiyo, na muuzaji mwaminifu atakubadilishia palepale. Nenda pia na kisumaku kidogo, ukipitishe kwenye tundu la tangi linaloingia mrija hadi kiguse tangi la ndani. Kikinasa kwa nguvu, huenda hicho si chuma cha pua kizuri, na kinaweza kuliwa na kutu. Kati ya tangi la ndani na bati la nje kuwe na foma nene, sentimita tano au zaidi, maana usiku wa Juni ndio utakaoamua kama asubuhi unaoga maji ya moto.

Mtambo uelekee kaskazini. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na mwezi wa sita jua la saa sita linapita upande wa kaskazini, nyuzi 58 hivi juu ya upeo wa macho. Kwa hiyo mteremko wa nyuzi 25 hadi 30 unalipokea vizuri miezi ya baridi. Fundi akikuambia auelekeze mashariki ili upate moto mapema, mkatalie. Jua lenye nguvu ni la mchana.

Uzito nao si wa kupuuza. Mtambo wa lita 200 ukijaa maji unavuka robo tani. Kenchi za mbao za nyumba nyingi hazikupigiwa hesabu ya mzigo huo, hivyo ama fundi seremala aziongezee nguvu kwanza, ama usimike stendi ya chuma pembeni ya nyumba. Simtanki la maji baridi likae juu zaidi ya tangi la sola, maana mitambo hii ya bei ya kawaida hutegemea maji yashuke yenyewe. Ukiiunganisha moja kwa moja na pampu, tangi linapasuka. Kale kabomba kadogo ka kupumulia juu ya tangi kasizibwe kamwe.

Halafu kuna suala la mgao wa maji. Maji yakikatika na mirija ikakauka, jua linaichoma hadi joto la kutisha. Maji yakirudi saa saba mchana na kuingia kwenye vioo hivyo, vinapasuka, na mrija mmoja ukipasuka tangi zima linamwagika. Weka koki kwenye bomba la kuingizia. Mtambo ukikauka, funga koki, funika mirija kwa turubai, ujaze alfajiri inayofuata. Nunua mirija miwili ya akiba siku ileile unayonunua mtambo, kwa sababu ya hilo na kwa sababu ya mvua ya mawe.

Gharama zote, mtambo, mabomba na fundi, huvuka milioni moja. Tuseme milioni moja na nusu. Familia iliyokuwa inachoma shilingi 60,000 za umeme kwa mwezi kwenye shawa inazirudisha kwa miaka miwili na kidogo; ukihesabu siku za mawingu, weka mitatu.

Siyo kila mahali, lakini. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Mufindi upande wa mashamba ya chai ukungu wa Juni na Julai unaweza kushinda hadi mchana. Huko mtambo utasaidia siku kadhaa kwa wiki, lakini utahitaji kitu cha pili. Mitambo mingi ina nafasi ya hita ya umeme ndani ya tangi kwa siku hizo. Iweke swichi ya kuwasha mwenyewe. Ikiachwa ijiwashe, itapasha usiku maji ambayo jua lingeyapasha kesho.

Nafasi ya pili: shawa ya umeme

Watu wengi wanaiogopa kwa sababu ya namba iliyoandikwa juu yake, wati 5,500. Lakini inawaka dakika unazooga tu. Dakika nane ni uniti 0.73, kama shilingi 260. Kwa mtu mmoja au wawili, au kwa mpangaji asiyeweza kupanda juu ya bati la mwenye nyumba, ndiyo chaguo la maana, na kwa Tukuyu ningeianza hiyo. Kwa baridi yetu inatoa kama lita tatu kwa dakika za maji ya kuridhisha; ukifungua zaidi, yanapoa.

Pesa halisi iko kwenye waya, siyo kwenye shawa. Inataka waya wake peke yake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye ubao wa umeme, sakiti breka yake, na ethi ya kweli, yaani waya wa usalama uliozikwa ardhini. Nimeona nyumba ambamo imeunganishwa kwenye waya wa taa, na ukuta wa bafu unatia ganzi ukiugusa. Fundi asiyeuliza habari za ethi, muage.

Nafasi ya tatu: pipa la kuni

Kwa vijijini, na kwa nyumba yenye watu wengi, msiidharau. Pipa la lita 200 juu ya tofali, chumba kidogo cha moto chini yake, na bomba la kutolea moshi. Maji baridi yanaingia chini kutoka kwenye tangi, ya moto yanasukumwa kutoka juu. Njombe kuna miwati, Mufindi kuna mabanzi ya viwanda vya mbao ambayo mengi huishia kuchomwa bure. Tofali zilizofunika pipa pande zote hutunza joto na kupunguza kuni, kwa hiyo usiache moto unalamba pipa lililo wazi. Bomba la kupumulia liwe wazi daima, na moto uwe nje ya nyumba.

Gesi

Hita ya gesi ya ukutani ni nzuri panapokuwa na wanaooga wengi kwa kufuatana na umeme unakatika. Mtungi wa kilo 15 unatosha kuoga kama mara 130, lita 40 kila mara. Lakini naishusha hadi hapa kwa sababu moja: watu huifunga ndani ya bafu. Moto wa gesi kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ileile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi na kuzima familia. Ifungwe ukuta wa nje, au usiinunue.

Za mwisho

Hita ya tangi la umeme inayokaa imewashwa kutwa ndiyo inayokula LUKU kuliko zote, maana inapasha na kupoteza joto hata mkiwa shambani. Kama tayari unayo, iwashe kwa muda kabla ya kuoga, kisha izime.

Koili ya kutumbukiza kwenye ndoo haipotezi umeme mwingi, ila inaua. Ni mtoto mmoja tu kuonja maji kwa kidole kabla haijachomolewa. Siiweki kwenye orodha.

Na jihadhari na neno sola lenyewe. Paneli ya wati 300 ya kuwashia taa, kwa jua la muda wa saa tano, inazalisha uniti moja na nusu: inatosha kupasha lita 30 hivi hadi ziwe za moto, na betri yako hailali na kitu. Mwambie muuzaji unataka sola ya maji.

Asiye na uwezo wa chochote kati ya hivi ajaze madumu meusi asubuhi, ayaanike juu ya bati au mahali pasipo na upepo, na wazee na watoto waoge saa kumi kabla jua halijalegea. Na anayejenga sasa, hata kama fedha ya mtambo itapatikana baada ya miaka mitatu, apitishe bomba la PPR la maji ya moto ukutani kabla ya plasta, kutoka bafuni hadi darini, akalizibe mwisho. Bomba la PVC la kawaida lisitumike, linalainika kwa joto. Kipande hicho leo ni pesa ndogo. Kuvunja ukuta wenye malumalu baadaye kutakugharimu kuliko mirija.