Uzoefu wangu na kipimo cha ANCA: nyota tatu kati ya tano

Nimepima ANCA mara nne ndani ya miaka mitatu, kwenye maabara mbili za binafsi, na zote nimelipa mfukoni mwangu kwa sababu bima iligoma. Basi nina haki ya kusema neno.

Kwa asiyekijua, ni kipimo cha damu. Mwili ukijigeuka hutengeneza kingamwili, ndizo hizo ANCA, zinazochokoza nyutrofili, zile chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kupigana na bakteria. Zikichokozwa humwaga silaha zake kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, na mishipa inachakaa: ya puani, ya mapafu, ya figo. Watu wa maabara hutamka "anka", na wewe ukitamka hivyo dirishani utaeleweka haraka.

Yangu ilianza puani. Mwaka mzima nilikuwa napenga magamba yenye damu kila asubuhi, shuleni tukasema ni vumbi la chaki. Sikio la kushoto likaziba. Kisha kikohozi cha damu. Eksirei ikaonyesha mashimo kwenye pafu, na huku kwetu pafu lenye mashimo lina jina moja tu. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert mara mbili, kifua kikuu hakikuonekana, nikaanzishiwa dawa zake hata hivyo. Sina kinyongo sana. Ningekuwa mimi daktari huenda ningefanya hivyo hivyo. Miezi miwili nakojoa rangi ya chungwa kwa ajili ya rifampisini, na nafuu sioni.

Miguu ilipoanza kuvimba nilipanda basi kwenda Dar kumwona daktari wa figo. Hakuanza na mashine yoyote. Alinipa kikopo, akachovya kijiti kwenye mkojo, akakiweka juu ya tishu, tukawa tunakitazama wote wawili. Kisanduku cha damu kilikuwa cha manjano. Kabla ya dakika kuisha kikawa kijani cha kuiva. Akaenda kuuangalia mkojo wenyewe kwa hadubini, akarudi. "Mwalimu, mimi si wa kubishana na dawa zako. Lakini hii siyo rangi ya dawa. Ni damu, na inatoka kwenye figo." Ndipo akaandika ANCA.

Sasa huduma. Maabara ya kwanza: mapokezi mazuri, binti aliyenitoa damu ana mkono mwepesi. Sampuli inasafirishwa nje ya nchi. Niliahidiwa siku kumi, zikawa kumi na tisa, na simu hawapokei. Karatasi ilipokuja ilikuwa na neno moja: chanya. Nusu ya mshahara kwa neno moja! Haikusema mng'ao ulikuwa wa namna gani wala kingamwili zinalenga nini. Daktari aliigeuza nyuma akidhani kuna maandishi mengine. "Haitoshi, Mwalimu. Kifua kikuu chenyewe kinaweza kuleta chanya ya namna hii. Homa ya ini C pia, na hata bakteria wakikaa kwenye vali za moyo."

Akanichorea. Kipimo cha zamani kinafanyika kwenye kioo: nyutrofili za mtu mwingine zinapakwa, damu yako inamwagiwa juu, halafu rangi inayong'aa, mtu anachungulia gizani. Mng'ao wa kijani ukienea kwenye chembe yote isipokuwa kiini wanaita c-ANCA. Ukijikusanya kuzunguka kiini, p-ANCA. (Huo wa kuzunguka kiini, akasema, ni kama hila ya alkoholi inayotumika kugandisha chembe kwenye kioo: protini inahama kutoka mahali pake. Nilicheka. Nusu ya jina la kipimo limetokana na hila.) Kipimo cha pili kinauliza swali lenyewe: je, kingamwili zinalenga protini ipi ya nyutrofili: protinezi 3, kwa kifupi PR3, au mieloperoksidezi, yaani MPO? Tangu 2017 wataalamu wa kimataifa wanashauri kuanza na hicho cha PR3 na MPO, kikiwa cha ubora. Mimi nilikuwa nimeuziwa kile cha kwanza, tena nusu yake.

Maabara ya pili ilikuwa ghali zaidi na mapokezi yao makavu kama muhogo wa jua, lakini karatasi ilikuwa karatasi: c-ANCA, PR3 juu sana, MPO hasi, na kiwango cha kawaida kimeandikwa pembeni. Hata hapo daktari hakukimbilia. Alichukua kinyama cha figo kwa sindano nikiwa nimelala kifudifudi. Majibu yalisema vichujio vina majeraha mabichi yenye umbo la mwezi mwandamo. Ugonjwa ukapata jina: GPA, ugonjwa wa kuvimba mishipa midogo ya damu, ule ambao zamani uliitwa wa Wegener, ambao mwaka 1985 watafiti wa Uholanzi na Denmark walionyesha kuwa unaandamana na kingamwili hizi. Dawa za TB zikasimamishwa. Nikapata prednisoloni na dripu za rituksimabu. Figo zilibaki na kiasi cha kunitosha kuishi bila mashine.

Benchi la kliniki lina shule yake. Bibi mmoja niliyekaa naye alikuwa na MPO juu, na chanzo kikaonekana ni propailithayourasili, dawa yake ya tezi ya shingo, ilisimamishwa. Kijana mwingine alipimwa kwa kuumwa magoti tu, ikatoka chanya hafifu, mkojo safi, mapafu safi. Miezi sita halali usingizi kwa karatasi ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiomba. Na wapo wenye ugonjwa kamili, hasa ukiishia puani, ambao kipimo chao ni hasi. Ukipata hasi na bado unapenga damu, usiondoke kliniki.

Mara ya nne ndiyo iliyonitia wazimu. Namba yangu ya PR3 ilipanda karibu mara mbili. Niliipiga picha nikamtumia daktari saa nne usiku. Akajibu: "Pua? Kifua? Leta mkojo." Vyote safi. Hakugusa dawa. Namba kupanda peke yake haitabiri vizuri kwamba ugonjwa unarudi, ingawa sisi wa PR3 hurudiwa zaidi ya wale wa MPO, kwa hiyo alinipa tarehe ya karibu tu.

Nyota tatu, basi. Kabla ya kulipa, uliza dirishani: "PR3 na MPO vimo?" Wakikukodolea macho, nenda kwingine. Mimi nimenunua kopo la vijiti duka la dawa, nachovya kila Jumamosi kabla ya kufua, na kile kisanduku mpaka juzi bado ni cha manjano.