Matairi ya AT kwa pikapu ya lami na vumbi: nilivyoyapanga, la kwanza hadi la tano

Ukiingia duka la matairi Kariakoo ukasema unatafuta AT za pikapu, yaani all-terrain, matairi ya lami na ya njia mbovu, muuzaji atakugeuzia tairi uone uso wake: kashata pana (ule mpira wenye meno unaokanyaga barabara), mifereji iliyochimbika, meno hadi mabegani. Mwache amalize, halafu mwombe akuonyeshe ubavu. Kwa gari linaloshinda kwenye lami leo na kesho likaingia barabara ya mawe, ubavu ndio unaoamua kama utalala njiani. Msumari ukichoma kashata, fundi pancha anauchomoa, anaziba, safari inaendelea. Jiwe likichana ubavu, tairi limekwisha, hata kama kashata yake bado ina harufu ya dukani. Wapo mafundi wanaoshona ubavu na kubandika kiraka kwa ndani. Likufikishe kijiji cha jirani taratibu, sawa, lakini usipande nalo lami ukiwa na abiria. Ubavu hukunjika kila gurudumu linapozunguka, na mshono wa namna hiyo hauna mkataba na mtu.

Ndiyo maana orodha hii imeanza na ubavu na uwezo wa kubeba, ikafuata tabia ya tairi kwenye lami yenye maji, na bei ikaja mwisho. Nimeshika saizi moja iliyoenea sana kwetu, 265/65R17, ambayo Hilux, Ranger na Prado nyingi huivaa. Mwenye Land Cruiser 79 inayotembelea 7.50R16 za tyubu asijisumbue na upangaji huu; hayo ni matairi ya aina nyingine na yana sifa zake, hasa kwamba fundi yeyote wa kijijini anaweza kuyafungua na kuyaziba.

Kabla ya majina, soma ubavu

Tafuta herufi LT mbele ya saizi. Zinaonyesha tairi limejengwa kwa gari la mizigo. Baada ya saizi utakuta namba kama 112H au 120/117S. Hapa ndipo pesa yako ilipo. 112 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,120. 120 ni kilo 1,400. Hiyo 117 inayofuata ni kwa magari yenye matairi mawili mawili nyuma, kwa hiyo pikapu ya kawaida haihusiki nayo. Herufi ya mwisho ni mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Hakuna pikapu iliyobeba saruji inayohitaji H, lakini inayohitaji 120 ziko nyingi.

LT ina gharama yake. Tairi huwa zito kwa kilo tatu hadi tano kuliko la kawaida la saizi ileile, mafuta yanaongezeka kidogo, na gari likiwa tupu linarusha nyuma. Pia LT huhitaji upepo mwingi zaidi ili libebe uzito uleule. Ukivua matairi ya kawaida ukavaa LT na kuendelea na kiasi cha upepo (psi) kilichoandikwa mlangoni, unaliumiza tairi kwa joto. Mwombe muuzaji jedwali la mzigo na upepo la kiwanda. Duka linalojiheshimu linalo au linaweza kulitafuta.

Jambo moja la kupita haraka: alama ya mlima wenye kitone cha theluji. Imewekwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Usiilipie hata senti.

1. BFGoodrich All-Terrain T/A KO2

Kampuni hii ilitoa tairi lake la kwanza la AT la radial (lenye nyuzi zinazokatiza kutoka ubavu hadi ubavu) mwaka 1976, na KO2 ilitangazwa mwaka 2014. Naiweka juu kwa sababu moja: ubavu. Mpira wa begani umeongezwa unene na kushuka chini zaidi, mahali hasa ambapo jiwe lenye ncha huingia wakati dereva amepanda ukingo wa barabara kupisha lori. Ujenzi huo umetokana na matairi yao ya mashindano ya jangwani ya Baja. Kashata mpya ina kina cha karibu milimita 12 katika saizi nyingi, na mpira wake haumeguki ovyo kwenye changarawe. Ukitazama tairi lililotembea sana barabara za kokoto utaona kingo za meno zimeng'ofolewa vipande vipande. KO2 hustahimili hilo kuliko mengi.

Udhaifu upo na lazima usemwe. Ni zito, ni ghali, na likishaanza kuzeeka hushika lami yenye maji kwa shida. Mteremko wa Kitonga mvua ikinyesha si mahali pa kugundua hilo. Kwa hiyo kama gari lako linakwenda Ngorongoro, Loliondo, au kwenye mawe ya volkano ya kuelekea Ziwa Natron, na mara nyingi lina mzigo, nunua hili na usitazame nyuma. Kama vumbi kwako ni kwenda shamba Jumamosi, ruka uende namba mbili. Kuna mrithi, KO3, aliyetoka mwaka 2024. Ukimpata kwa bei inayokaribiana, mchukue yeye.

2. Yokohama Geolandar A/T G015

Hili ndilo ninalowashauri watu wengi zaidi, ingawa si la kwanza kwa ugumu. Kwenye lami linatulia, halipigi kelele ya kuchosha, na linashika vizuri barabara ikiwa na maji. Kwenye vumbi na mchanga wa kawaida linafanya kazi bila malalamiko. Tahadhari ni moja: G015 hutengenezwa kwa namna mbili, ya kawaida na ya LT, na uso wake ukiutazama kwa haraka huwezi kuzitofautisha. Wauzaji wengi huagiza ile ya kawaida yenye 112 kwa sababu ni nafuu na inatoka haraka. Kwa Prado ya familia hiyo inatosha kabisa. Kwa pikapu ya mzigo, uliza LT, na kama hawana, subiri au nenda duka la pili.

3. General Grabber AT3

Wasomaji wa makamo watalikumbuka jina General kutokana na kile kiwanda cha matairi cha General Tyre pale Arusha, ambacho mashine zake zilinyamaza miaka mingi iliyopita. Jina lenyewe lilianzia Akron, Ohio, mwaka 1915, na tangu 1987 liko chini ya Continental ya Ujerumani. AT3 ina meno yaliyoachana zaidi kuliko Geolandar, kwa hiyo kwenye matope mepesi hujisafisha mapema, na bega lake limekatwa ngazi ngazi ili lipate pa kushika gari likizama kwenye mfereji. Kelele yake husikika ukipita kilomita 80 kwa saa. Kama hilo halikusumbui, na ukilikuta la LT kwa bei chini ya KO2, umepata tairi la maana.

4. Bridgestone Dueler A/T 697

La mtu wa lami ambaye hataki kukwama. Uso wake ni wa upole, halichoshi, na huduma ya jina hili inapatikana miji mingi. Kwenye mawe makali silipeleki mbele ya yale matatu.

5. Maxxis Bravo AT-980

La Taiwan, la bei ya kati, na thamani yake ni nzuri kwa anayefuatilia bajeti. Lichague kabla hujashawishika na jina usilowahi kulisikia.

Kuhusu hayo majina yasiyojulikana, ambayo yanabadilika kila kontena: sisemi yote ni mabaya. Yapo yanayotembea vizuri. Tatizo ni kwamba ukipoteza moja hutapata jingine la kufanana nalo mwakani, na kwa gari la fowili la muda wote kama Prado, matairi yaliyopishana unene huichosha difu ya katikati. Ukiyanunua, nunua matano kwa pamoja, na ile 120 uione kwa macho yako. Mtumba wa AT usiuguse. Ubavu uliochoka hauonyeshi kitu kwa nje.

Tarehe ya tairi

Hili lifanye mwenyewe, usimtume kijana. Chukua tochi ya simu, chuchumaa, pangusa vumbi ubavuni, fuata maandishi yanayoanza na DOT hadi ukute kijisanduku cha mviringo chenye tarakimu nne. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, na kwenye rafu upande huo unaweza kuwa umegeukia ukutani. Mwambie aligeuze. Kagua yote, si la juu peke yake, maana matairi ya seti moja wakati mwingine hukusanywa kutoka mizigo tofauti. Mimi silipi bei ya tairi jipya kwa tairi lililokaa ghalani zaidi ya miaka miwili. Viwanda vikubwa hushauri ukaguzi wa kila mwaka baada ya mwaka wa tano, na kulistaafisha likifika kumi hata kama kashata ipo. Kwa jua la Dodoma au Garissa, mimi nisingefika huko.

Usikimbilie saizi kubwa

Vijana wanapenda kupanda kutoka 265/65R17 hadi 265/70R17 ili gari lisimame. Hesabu ni rahisi: kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803, ongezeko la asilimia 3.4. Mshale ukisoma 100, unaweza kuwa unakwenda 103. Kwenye eneo la 50, lenye trafiki mwenye tochi, tofauti hiyo ni faini. Tairi pia linaweza kugusa madigadi ukikata kona kali, na injini inavuta kwa taabu zaidi mlimani.

Yale ambayo AT haiwezi

Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Usangu au wa njia ya Ifakara kwenda Mlimba masika, huziba mifereji ya AT yoyote katika mizunguko michache, na kuanzia hapo unatembelea tairi kipara. Namba moja yangu nayo huziba. Anayeishi humo anunue MT, yaani mud-terrain, matairi ya matope, avumilie kelele, au asubiri udongo ukauke.

Mchanga ni habari nyingine, na hapo upepo una nguvu kuliko jina la tairi. Kwenye mito mikavu ya Dodoma na Singida, teremsha hadi psi 16 au 18, tembea taratibu bila kukata kona ghafla, na gari lililokuwa linachimba litaelea. Kwenye vumbi lenye mawimbi mawimbi, lile linalotetemesha hadi nati za dashibodi, punguza robo hivi ya upepo na mwendo uwe mdogo: tairi linakunywa mitikisiko badala ya shokapu, na mawe hayalichomi kirahisi. Ukirudi lami, jaza kabla ya kuongeza mwendo. Kwa hiyo katika bajeti ya matairi tenga pesa ya kompresa ndogo ya betri na kipimo cha upepo cha kwako, kwa kuwa vipimo vya vituo vingi vya mafuta havikubaliani.

Siku ya kufunga, dai balansi ya matairi yote na wili alaimenti, na valvu mpya kwenye kila ringi. Spea nayo iwe ya saizi ileile. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama mahali tambarare ukaze nati upya kwa mkono, na baada ya hapo hamisha matairi, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila kilomita 10,000.