Shokapu za bei nafuu za monsta traki ya rimoti: ipi uanze nayo, ipi uikimbie

Nyanyua gari lako kama sentimita 30 kutoka sakafuni, uliachie litue kwa magurudumu yote manne. Likibonyea, likainuka mara moja na kutulia, shokapu bado zina uhai. Likidunda mara mbili tatu kama mpira, oili imekwisha ndani na springi zimebaki zikifanya kazi peke yake. Na kona moja ikizama ikagoma kurudi juu, hapo huenda kuna shafti iliyopinda, yaani ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka kwenye mwili wa shokapu.

Watu wengi hawalifanyi jaribio hilo. Wanaona shokapu inavuja, kesho yake wameshaagiza seti nzima ya alumini inayometameta, bluu au nyekundu, nne kwa bei ambayo kampuni kubwa ingeuza mbili. Nawaelewa, maana nilipita njia hiyo hiyo na nikanunua mara mbili. Tangu hapo shokapu naipima kwa swali moja: oringi yake (kile kipete cha mpira kinachozuia oili isitoke) ikichakaa, shafti yake ikipinda, kichwa chake kikivunjika, naweza kununua kile kilichoharibika peke yake? Kama jibu ni hapana, bei ya mwanzo haina maana, kwa sababu utailipa tena. Orodha ya hapa chini nimeipanga kwa kigezo hicho, wala rangi sikuipa maksi.

Kwanza pima

Toa springi, kisha pima kutoka katikati ya tundu la bolti la juu hadi katikati ya tundu la chini. Pima shokapu ikiwa imenyooka kabisa, halafu ikiwa imebonyezwa hadi mwisho. Andika namba zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwani kwenye magari mengi hazilingani. Anayeuza akikupa urefu mmoja tu, mwulize wa pili. Huo wa pili ndio unaoua magari.

Sababu ni hii. Shokapu ikiwa ndefu kupita kiasi, mkono wa chini, ule unaobeba gurudumu, unashuka mno na shafti ya gurudumu inachomoka au inakwama ikiwa kwenye pembe kali. Ikiwa fupi, unapoteza mwendo wa magurudumu, yaani raha yote ya monsta traki. Ila kosa baya zaidi halionekani gari likiwa mezani: shokapu inayofika mwisho wake kabla mkono wa chini haujagota kwenye chasisi. Gari likishuka kutoka hewani, uzito wote unapigwa kwenye shokapu, shokapu inaupeleka kwenye mnara, yaani kibao kinachoshika shokapu kwa juu, na mnara unakatika. Kwa hiyo ukifunga mpya, zifunge kwanza bila springi, sukuma gari chini kwa mkono, uone ni nini kinachogota mwanzo. Shafti ibaki na milimita moja mbili ambazo haijazitumia.

Angalia pia unene. Shokapu nene inaweza kugusa rimu usukani ukikatwa hadi mwisho. Na hesabu idadi: Clod Buster ya Tamiya, T-Maxx na E-Maxx za Traxxas zina shokapu nane, mbili kwa kila gurudumu, kwa hiyo seti ya nne ni nusu ya safari tu.

1. Zile zile zako, zikifufuliwa

Najua hukuja hapa kuambiwa usinunue. Lakini shokapu ya plastiki inayovuja, mara nyingi ugonjwa wake ni vipete viwili vya mpira vilivyochoka chini ya mwili wake. Paketi ya ukarabati yenye oringi, chupa ya oili ya silikoni, na kama kofia za juu hufyatuka ukitua vibaya, kofia nne za alumini za kukaza kwa nyuzi za skrubu. Basi. Mwili wa plastiki una sifa ambayo haisemwi sana: unateleza vizuri ndani, na ukipigwa na jiwe unanepa kidogo kisha unarudi. Alumini nyembamba ikipigwa inabonyea, na pistoni, kile kisahani kilicho kwenye ncha ya shafti ndani ya oili, inaanza kukwama pale pale penye kibonyeo.

Ukifungua, kagua shafti kwa mwanga wa pembeni. Mkwaruzo unaousikia kwa ukucha ni mkwaruzo utakaokata oringi mpya ndani ya siku chache. Shafti ya namna hiyo badilisha, usiihurumie. Ile yenye rangi ya dhahabu imepakwa titani naitridi, ni ngumu juu na inateleza. Ikiwa tofauti ya bei ni ndogo, ichukue.

Oili ni mahali pa kusimama kidogo. Namba za “wt” kwenye chupa hazifanani kati ya kampuni na kampuni. Kwa Team Associated, kwa mfano, 30 wt ni kama cSt 350 na 40 wt ni kama cSt 500, lakini chupa nyingine iliyoandikwa 40 inaweza kuwa na uzito tofauti. Linganisha kwa cSt, ndicho kipimo chenyewe cha uzito wa oili. Kwa monsta traki ya skeli ya 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi) anzia 350. Ukiwa umefunga betri nzito au matairi makubwa, panda hadi 500. Kwenye baridi kali oili inakuwa nzito zaidi, kwa hiyo shuka hatua moja. Na oili ya injini iache kwenye injini: inavimbisha mpira wa silikoni, na shokapu itakwama kabla haijaanza kuvuja.

Kasoro ya njia hii ni kwamba haikuongezei kitu ambacho gari halikuwa nacho. Kama oili ilikuwa inapata moto mno kwa mbio ndefu, au unaruka juu kuliko ilivyokusudiwa, utarudi hapa hapa.

2. Kaka mkubwa kutoka kiwanda kile kile

Mwenye Stampede, Rustler au Slash ya Traxxas ana shokapu za Big Bore za kampuni hiyo hiyo: mwili wa alumini, kipenyo kikubwa, oili nyingi zaidi ndani. Zinauzwa kwa urefu tofauti, kwa hiyo ile karatasi ya vipimo itoe mfukoni. Mwenye Lunch Box au Midnight Pumpkin ya Tamiya ndiye atakayeshangaa kuliko wote, maana magari hayo hutoka kiwandani na springi zisizo na oili. Ukifunga CVA, shokapu za plastiki zenye oili za Tamiya, ni kama umenunua gari jingine. Hakikisha tu ni CVA ya urefu unaofaa, kwa sababu zipo za aina kadhaa.

Bei yake si ya chini kabisa, na ndiyo maana nimeziweka namba mbili. Ila vipuri vyake vinapatikana kimoja kimoja, matundu yanaingia bila kuchongwa, na baada ya miaka miwili bado utapata oringi yake. PowerStroke za Pro-Line nazo ni nzuri sana, lakini ukizifikia hizo tayari umetoka kwenye mwongozo wa bei nafuu.

3. Mtumba

Kuna watu wananunua gari jipya leo na jioni wameshavua shokapu zake ili wafunge za gharama. Hizo zilizovuliwa hazijaona hata vumbi, na bei yake hushuka vibaya. Za magari ya skeli ile ile, hasa yale mapana ya mbio za vumbi, mara nyingi huwa nzuri kuliko zilizokuja na monsta traki yako. Tahadhari moja: springi za gari jepesi zitalala chini ya monsta traki, kwa hiyo tenga pesa ya springi.

Ukizishika mkononi, vua springi na usukume shafti polepole. Iende kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Ikifika mahali ikawa nyepesi ghafla, mna hewa, jambo dogo. Ikifika mahali ikakwaruza, irudishe. Kisha izungushe shafti kati ya vidole huku ukitazama ncha yake: ncha ikicheza, imepinda.

4. Seti za alumini zisizo na jina

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, ingawa si lazima zipotee.

Seti yangu ya kwanza ya namna hii ilikuwa nyekundu, imeandikwa urefu sahihi, na ilipendeza kweli. Wiki ya pili mbili zilikuwa zimelowa. Nilipozifungua, oili ilitoka ya kijivu, kama maji yaliyooshewa penseli. Hiyo kijivu ilikuwa alumini: pistoni ilikaa upande na ilikuwa inakwangua ukuta wa mwili kila gari lilipopita kwenye bonde. Katika moja wapo oili ilifika nusu tu, na nina hakika ilitoka hivyo kiwandani. Nikatafuta oringi. Muuzaji hakuwa nazo, na zile za kampuni kubwa zilikuwa nene kuliko nafasi iliyopo.

Kwa nini basi haziko mwisho wa orodha? Kwa sababu kuna za namna hii zilizotengenezwa vizuri, na ukizifanyia kazi mwenyewe zinadumu. Masharti yangu ni matatu. Kwanza, muuzaji awe anauza pia oringi, shafti na vishikio vya chini vya shokapu hiyo hiyo. Pili, zifungue zote kabla hujazifunga garini: mwaga oili iliyokuja nayo, osha ndani, pitisha kidole kutafuta vijichuma vilivyobaki kwenye nyuzi, weka oili yako. Tatu, kishikio cha chini kiwe cha plastiki imara chenye goroli ya chuma. Vile vya alumini vinavyosifiwa kwa ugumu vinapanuka tundu, na vikishapanuka huna la kufanya.

Ile ringi ya kukaza springi kwa nyuzi, inayotajwa kwenye matangazo kama anasa, ni rahisi kurekebisha kuliko vipande vya plastiki vya kuchomeka. Lakini kwenye seti za bei ya chini hujifungua yenyewe kwa mtikisiko. Kipande chembamba cha mpira kati ya ringi na nyuzi kinaituliza.

5. Za kuzikimbia

Shokapu isiyo na oili inayouzwa kama mbadala wa ile yenye oili. Shokapu iliyozibwa ambayo huwezi kuifungua. Na shokapu za skeli ya 1/8 kwenye gari la 1/10 kwa hoja kwamba kubwa ni bora. Springi zake ni ngumu mno kwa uzito huo, gari litatembea kama toroli na kila jiwe litaishia kwenye mnara.

Siku ya kufunga

Tandika taulo jeupe mezani. Klipu inayoshika pistoni ni ndogo kuliko punje ya mchele na inaruka mbali. Kwenye taulo inaanguka na kukaa, kwenye vigae utaitafuta kwa magoti. Usishike shafti kwa plaizi tupu. Ifunge kwa kipande cha mpira wa baiskeli, la sivyo utaipa ule ule mkwaruzo tuliokuwa tunaukimbia.

Jaza oili shafti ikiwa imenyooka, panda na kushuka na pistoni taratibu ili viputo vitoke, kisha iache isimame dakika kumi. Usiharakishe hapa. Ukifunga kofia, jozi ya mbele zibonyeze pamoja, moja kila mkono. Zikirudi kwa mwendo tofauti, fungua ile inayorudi haraka zaidi, mara nyingi ndiyo iliyojaa mno.

Endesha betri mbili, pangusa shafti, angalia kama kuna unyevu chini ya mwili. Halafu rudia lile jaribio la sentimita 30. Likidunda mara ya pili bado, usibadilishe springi. Ongeza uzito wa oili hatua moja, uangushe tena.