Laikipia: ranchi ibaki nzima ama ikatwe ploti?

Tuanzie nyuma kidogo, mkataba wa 1904 na serikali ya kikoloni ya Waingereza uliwaahidi Wamaasai Laikipia, hapa Kenya, kuwa yao, ule wa 1911 ukawatoa, wakaswagwa na mifugo hadi kusini, 1913 wakashindwa kortini na ardhi ikabaki kwa masetla, yaani walowezi wa Kizungu, wakiwemo wanajeshi waliogawiwa mashamba baada ya vita vya 1914-1918.

Baada ya uhuru njia zikawa mbili. Ya kwanza, makampuni ya kununua ardhi yalichanga pesa za wananchi, yakanunua ranchi za masetla waliokuwa wanaondoka, yakakata vipande. Mtu akapata shamba lake, hiyo haki siwezi kuibeza hata kidogo. Shida ni mvua, maana sehemu kubwa iko upande mkavu wa Mlima Kenya na mahindi yanakauka kabla ya kubeba, ndio maana wenye ploti wengi hawakuwahi kuhamia, wafugaji ndio wanalishia humo.

Ya pili ni kuiacha nzima, kama hifadhi ya Ol Pejeta, zamani ya setla Lord Delamere, sasa ina Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili waliobaki, pamoja na ng'ombe wa Boran. Usiku ng'ombe wanalala kwenye boma la vyuma linalohamishika, likitolewa pale penye samadi nyasi zinaota nzito. Lakini ukame wa 2017 wafugaji waliingia na mifugo kwenye ranchi kadhaa, watu wakafa.

Mimi kwa ardhi kavu nasema isikatwe, ila iwe ya jamii yenyewe kama Il Ngwesi, jamii ya Wamaasai wa huko huko Laikipia, ambao wana loji yao tangu 1996 na bado wanafuga.